Mipako ya kinga ya saspensheni ya gari

Mipako ya kinga ya saspensheni ya gari ni tabaka za rangi, metali au kemikali zinazowekwa juu ya vyuma vinavyolibeba gari kwenye magurudumu yake ili visiliwe na kutu. Vyuma hivyo ni pamoja na springi, mikono ya saspensheni, fito za stabilaiza, shokapu, ekseli na bolti zinazoviunganisha. Vyote hukaa chini ya gari, mahali panapopigwa na mawe, matope, maji na chumvi, na vingi havionekani mpaka gari liinuliwe kwa jeki.

Uchaguzi wa mpako hautegemei uwezo wake wa kuzuia kutu peke yake. Baadhi ya sehemu za saspensheni zimetengenezwa kwa feleji (chuma cha pua) ngumu sana, na njia fulani za kupaka, ingawa ni nzuri kwa mabati ya nyumba au fremu ya tela, zinaweza kuifanya feleji hiyo ikatike ghafla bila kupinda kwanza. Kwa hiyo swali la kwanza linahusu chuma chenyewe: ni laini au kigumu, kinapinda kikiwa kazini au kimetulia, kinabanwa na kingine au kiko wazi. Rangi huchaguliwa baada ya hapo.

Kutu chini ya gari

Kutu hutokea chuma kinapokutana na oksijeni na maji. Juu ya kipande kimoja cha chuma kuna sehemu zinazotoa elektroni na nyingine zinazozipokea, na maji yaliyolowesha uso huo hukamilisha mzunguko, kama betri ndogo nyingi zilizo kando kwa kando. Chumvi hufanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi, na kloridi iliyomo huvunja utando mwembamba ambao ungekilinda chuma kidogo. Chumvi pia huvuta unyevu kutoka hewani, hivyo chuma chenye chumvi hubaki na majimaji hata siku isiyo na mvua.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo sababu rangi huvimba na kubanduka: inasukumwa kutoka chini. Pale rangi ilipokwaruzwa na jiwe, kutu huanza kwenye mkwaruzo na kutambaa chini ya rangi iliyobaki, ambayo kwa nje huonekana nzima.

Katika nchi zenye theluji, chumvi hutoka barabarani, kwa kuwa hunyunyizwa ili kuyeyusha barafu. Mwaka 2010 kampuni ya Ford iliyaita gereji magari yake ya aina ya Windstar ya miaka ya 1998 hadi 2003 yaliyotumika katika majimbo ya Marekani yenye chumvi nyingi barabarani, kwa sababu ekseli ya nyuma ingeweza kupasuka kutokana na kutu. Huko Japani matumizi ya chumvi na kemikali za kuyeyusha barafu yaliongezeka baada ya sheria ya mwaka 1990 kuzuia matairi yenye misumari. Jambo hili linawahusu wanunuzi wa Afrika Mashariki, ambako magari mengi huingia yakiwa yametumika Japani. Kenya, kwa mfano, haipokei gari lililozidi miaka 8, lakini gari la umri huo lililotoka Hokkaido linaweza kuwa limepita majira saba ya theluji kabla ya kufika Mombasa. Rangi ya mwili wake inaweza kung'aa kama mpya huku springi zake zikiwa na vishimo.

Katika miji ya pwani kama Mombasa, Dar es Salaam, Tanga na Unguja, chumvi huletwa na upepo wa bahari. Barabara za changarawe za bara hazina chumvi hiyo, ila mawe yake hubandua rangi haraka, na gari linalofanya safari za pwani na bara hupata hasara zote mbili.

Njia mbili za kukinga chuma

Mipako yote hutumia mojawapo ya njia mbili, au zote mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni ya ukuta: rangi, epoksi, plastiki au kromi huzuia maji na oksijeni visikifikie chuma. Ukuta ukitoboka, kinga ya mahali hapo imekwisha.

Ya pili ni ya kujitoa mhanga. Zinki hutoa elektroni kwa urahisi kuliko chuma. Katika orodha ya nguvu za umeme za metali, zinki iko kwenye volti −0.76 na chuma kwenye −0.44. Zikiguswa pamoja na maji yenye chumvi, zinki huliwa kwanza, na chuma kilicho karibu nayo husalimika hata kama kimekwaruzwa. Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyuka mwaka 1837, na bati la kuezekea nyumba linatokana na njia hiyo. Kwa upande wa saspensheni, sifa hii ya zinki ni ya thamani kubwa, kwa sababu mikwaruzo ya mawe haiepukiki. Tatizo liko katika namna zinki inavyowekwa.

Springi

Springi ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kuichagulia mpako. Feleji ya springi za kisasa inaweza kuhimili mvuto wa zaidi ya megapaskali 1,500, wakati chuma cha kawaida cha ujenzi hukatika kwenye 400 hivi. Ugumu huo hupatikana kwa kuipasha moto, kuipoza ghafla, kisha kuipasha tena kwa kiasi kilichopimwa. Baadaye springi hupigwa kwa vipande vidogo vya chuma vya mviringo vinavyorushwa kwa kasi. Mapigo hayo huubana uso wa springi, na uso uliobanwa hauachi ufa ufunguke kwa urahisi.

Kila gari linapopita tuta au shimo, springi hujikunja na kujikunjua. Katika maisha yake hufanya hivyo mara mamilioni. Hali ya chuma kukatika kwa kupindwa mara nyingi, ingawa kila mara kwa nguvu ndogo, huitwa uchovu wa metali, na huanzia mahali penye dosari juu ya uso. Kishimo cha kutu ni dosari ya namna hiyo hasa. Mkono wa saspensheni uliotengenezwa kwa bamba la chuma laini unaweza kupoteza sehemu ya unene wake na bado ukalibeba gari kwa muda. Springi huweza kukatika kwa kishimo ambacho jicho halikioni vizuri.

Mara nyingi springi ya mviringo hukatika kwenye mzunguko wa chini, pale inapokalia kiti chake. Hapo mchanga hunaswa kati ya springi na kiti, ukasugua rangi mpaka chuma kikawa wazi, na maji hukaa muda mrefu. Ncha iliyokatika inaweza kuchomoka na kupasua tairi gari likiwa katika mwendo. Kwa hiyo mpira au plastiki inayovishwa mwisho wa springi ni sehemu ya kinga, sawa na rangi yenyewe. Fundi anayeitupa kwa kuwa imechakaa, bila kurudisha nyingine, anaipunguzia springi maisha.

Viwandani springi huoshwa, hupewa utando wa fosfeti ya zinki unaoifanya rangi ishike, kisha hupuliziwa rangi ya unga ya epoksi na kuokwa. Nyingine hupewa tabaka mbili: ya ndani ngumu yenye zinki, ya nje nene inayopokea mapigo ya mawe. Joto la tanuri huangaliwa sana. Rangi za unga huiva kwenye nyuzi 160 hadi 200 za selsiasi, kiwango ambacho springi hukivumilia. Joto likizidi hapo kwa mbali, mbano uliowekwa juu ya uso hulegea, na likizidi zaidi ugumu wa feleji wenyewe hupungua. Ndiyo maana springi haichovywi katika zinki iliyoyeyuka, ambayo huwa kwenye nyuzi 450 hivi, na haipaswi kukatwa wala kupashwa moto kwa gesi ili kulishusha gari.

Fito za msokoto, ambazo hufanya kazi ya springi kwa kusokotwa, zina masharti hayo hayo. Toyota HiAce, gari linalotumika sana kama daladala na matatu, huwa nazo mbele katika matoleo mengi. Mkwaruzo wa spana au patasi kwenye ufito huo si jambo dogo, kwa maana nguvu ya msokoto hulemea zaidi uso wa nje. Mkwaruzo husafishwa taratibu kwa msasa laini, kwa kufuata urefu wa ufito, kisha hupakwa rangi. Usipoisha kwa kusuguliwa kidogo, ufito hubadilishwa.

Springi za majani zina tabu nyingine: majani husuguana, na rangi yoyote iliyo kati yake hukwanguka. Hapo hutumika grisi yenye grafaiti au rangi ya zinki nyingi kabla ya majani kufungwa, pamoja na vipande vya plastiki kwenye ncha. Kutu kati ya majani huyafanya yashikane, na gari huwa gumu kana kwamba halina springi. Malori yanayoongezewa majani ili yabebe zaidi hupata tatizo hili mapema, kwa kuwa majani mapya mara nyingi hufungwa yakiwa makavu.

Hatari ya hidrojeni

Atomu ya hidrojeni ni ndogo kiasi cha kupenya ndani ya chuma kigumu na kutembea humo. Chuma kinapovutwa, hidrojeni hukusanyika penye mvuto mkubwa, na feleji ngumu hupoteza uwezo wa kunyumbuka na kukatika kama kigae. Kinachoifanya hali hii iogopwe ni kuchelewa kwake. Bolti hufungwa leo, inashika vizuri, hupita ukaguzi, kisha inakatika baada ya saa kadhaa au siku kadhaa gari likiwa limeegeshwa.

Hidrojeni huingia kwa njia mbili kuu wakati wa kupaka. Ya kwanza ni asidi inayotumika kuondoa kutu: inapokila chuma hutoa hidrojeni, na sehemu yake huingia ndani badala ya kutoka kama povu. Ya pili ni upakaji wa metali kwa umeme katika tangi, ambao huzalisha hidrojeni pamoja na kushikisha zinki au kromi. Viwanda hupunguza hatari hiyo kwa kuioka sehemu iliyopakwa kwenye nyuzi 190 hadi 220 kwa saa nyingi, na kuoka huanza ndani ya saa chache baada ya kupaka. Ikiwa imeachwa mpaka kesho yake, madhara yanaweza kuwa yamekwisha kutokea.

Hidrojeni inaweza pia kuingia baadaye kutokana na kutu yenyewe. Mfano unaojulikana sana hautoki katika magari bali katika daraja. Mwezi Machi 2013, katika daraja jipya la San Francisco–Oakland Bay nchini Marekani, fimbo 32 kati ya 96 za feleji ngumu iliyochovywa katika zinki zilikatika siku chache baada ya kukazwa. Zilikuwa zimekaa miaka kadhaa ndani ya mashimo yaliyoingia maji kabla ya kukazwa, na chanzo kilichotajwa na wachunguzi ni hidrojeni. Daraja hilo lilikuwa na wahandisi na wakaguzi wengi; gereji ndogo yenye tangi la asidi haina.

Kwa saspensheni, matokeo ya jambo hili ni ya moja kwa moja. Springi na fito za msokoto hazipakwi kromi ili zipendeze, hata kama kazi hiyo inaonekana katika magari ya maonyesho. Hazilowekwi katika asidi, wala siki, ili kuondoa kutu. Bolti zenye alama 8.8 kichwani zinaweza kupakwa zinki kwa umeme bila wasiwasi mkubwa. Zenye alama 10.9 zinahitaji uangalifu, na za 12.9 hazifai kwa njia hiyo isipokuwa kazi ifanywe na kiwanda chenye utaratibu wa kuoka na kupima.

Aina za mipako

Rangi ya umeme hutumika sana kwa mikono ya saspensheni na fremu ndogo zinazobeba injini. Sehemu huzamishwa katika tangi la maji yenye chembe za rangi, kisha hupitishiwa umeme wa volti mia kadhaa. Chembe hukimbilia kwenye chuma na kukifunika, hata ndani ya mabomba na pembe ambazo bunduki ya rangi haifiki. Baadaye huokwa. Unene wake ni mdogo, mikromita 15 hadi 30, lakini ni sawa kila mahali. Ford ilianza kuitumia katika magari miaka ya 1960, na kuanzia katikati ya miaka ya 1970 namna iliyoboreshwa, ambamo sehemu inayopakwa ndiyo kathodi, ilichukua nafasi ya ile ya kwanza. Gereji ya kawaida haiwezi kuifanya. Kikono kipya kinachouzwa kikiwa cheusi, chenye rangi nyembamba isiyo na michirizi, mara nyingi kimepakwa kwa njia hii, na hakuna sababu ya kuibandua ili kupaka nyingine. Hupakwa juu yake.

Rangi ya unga hupuliziwa ikiwa kavu, ikashikwa na chuma kwa umeme tuli, kisha ikayeyushwa tanurini. Ni nene, mikromita 60 hadi 100 au zaidi, na ngumu. Inafaa mikono, fito za stabilaiza na vishikizo. Ubaya wake ni kwamba ikiwekwa juu ya chuma kisichosafishwa vizuri, au ikipasuka pembeni, maji hupita chini yake na kutu husambaa mahali pasipoonekana mpaka ganda zima linapotoka. Pia bushi za mpira na boljointi lazima zitolewe kwanza, kwani tanuri huua mpira na kuyeyusha grisi.

Zinki ya vigamba ni mpako wa vipande vyembamba sana vya zinki na alumini vilivyochanganywa na gundi maalumu. Sehemu huchovywa, huzungushwa ili ziada itoke, kisha huokwa. Kwa kuwa umeme hautumiki, upakaji wenyewe hauingizi hidrojeni ndani ya feleji, na hii ndiyo sababu bolti nyingi za saspensheni za magari ya kisasa zina rangi ya fedha iliyofifia. Unene wa mikromita 5 hadi 15 hutosha. Jina lililojulikana zaidi lilikuwa Dacromet; lilikuwa na kromi ya aina yenye sumu, na nafasi yake ikachukuliwa na mipako isiyo na kromi hiyo.

Zinki na nikeli zikipakwa kwa pamoja kwa umeme, nikeli ikiwa asilimia 12 hadi 16, hudumu kuliko zinki peke yake na huvumilia joto. Hutumika kwa sehemu ambazo vipimo vyake haviruhusu rangi nene. Hatari ya hidrojeni iliyotajwa juu inabaki pale pale.

Rangi ya zinki nyingi, inayouzwa kwa kopo au kwa chupa ya kupulizia, ndiyo iliyo karibu zaidi na uwezo wa fundi wa mtaani. Hufanya kazi ikiwa tu chembe za zinki zinagusana zenyewe kwa zenyewe na kugusa chuma kitupu, hivyo kiasi cha zinki katika utando uliokauka kinapaswa kuwa kikubwa, asilimia 80 au zaidi kwa uzito. Ikipakwa juu ya kutu au juu ya praima nyingine huwa ni rangi ya kijivu tu. Juu yake hupakwa epoksi ya kopo mbili, na juu ya epoksi rangi inayostahimili jua ikiwa sehemu inaonekana.

Nta na mafuta mazito ya kuzuia kutu hupuliziwa ndani ya mabomba na kwenye mifereji. Hayadumu kwenye sehemu inayopigwa na mawe, lakini hujiziba yenyewe yakikwaruzwa, na hurudiwa kila baada ya muda. Lami nyeusi ya chini ya gari ni kinyume chake: hukauka, hupasuka, na nyufa zake hushika maji. Ikipakwa juu ya kutu, kazi yake kubwa huwa ni kuificha, jambo ambalo wauzaji wengine wa magari wanalifahamu vizuri.

Ufito wa shokapu, ule unaoingia na kutoka, hupakwa kromi ngumu kiwandani na husuguliwa mpaka uwe laini kabisa. Haupakwi kitu kingine chochote. Rangi au kutu juu yake hukata sili na mafuta huvuja. Wakati wa kupuliza rangi chini ya gari ufito huo hufunikwa.

Mikono ya alumini, inayopatikana katika magari ya bei kubwa, hujikinga kwa utando wake wa oksidi, lakini bolti za feleji zinazopita ndani yake zinaweza kuifanya iliwe, kwa kuwa alumini ndiyo inayojitoa mhanga hapo. Bolti zenye mpako wa zinki ya vigamba hupunguza tofauti hiyo. Kubadilisha bolti kama hizo na za chuma kisichoshika kutu ni kosa linalofanywa kwa nia njema: bolti hung'aa, alumini inayoizunguka huliwa.

Kusafisha kabla ya kupaka

Rangi ya bei ghali juu ya uso mchafu huanguka kabla ya rangi ya kawaida iliyopakwa juu ya uso safi. Mpangilio wa kazi ni muhimu. Sehemu huoshwa kwanza kwa maji baridi mengi na sabuni ili chumvi na matope vitoke, kisha grisi huondolewa kwa kemikali ya kusafishia. Kusugua kwa msasa kabla ya kuondoa grisi huisambaza na kuikandamiza ndani ya mikwaruzo. Baada ya hapo kutu huondolewa kwa kupiga mchanga, kwa brashi ya waya au kwa msasa. Viwango vya kimataifa huita uso uliopigwa mchanga mpaka ukakaribia weupe wa chuma Sa 2½, na mipako mingi ya epoksi na zinki hutaka kiwango hicho. Grinda haifai kwa springi, kwa sababu hukata mifereji na kuondoa uso uliobanwa.

Kemikali za kugeuza kutu, zenye asidi ya tanini au ya fosfori, hufaa kwa kutu nyepesi juu ya mikono na vishikizo vya chuma laini. Hazifanyi kazi juu ya kutu yenye magamba, kwa maana haziingii hadi chini.

Chuma kilichosafishwa hupakwa siku hiyo hiyo. Kwa hewa ya pwani saa chache tu zinatosha kukirudishia wekundu. Kanuni ya wapakaji ni kwamba chuma kiwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande hutunga. Kupaka alfajiri au jioni Mombasa wakati wa mvua za masika ni kupaka juu ya maji yasiyoonekana. Kingo na mishono ya kuchomelea hupakwa kwa brashi kwanza, kwani rangi inayopulizwa hukimbia kingo na kubaki nyembamba hapo, na kutu huanzia hapo.

Mahali pasipopakwa

Rangi kati ya nyuso mbili zinazobanwa na bolti ni hatari ambayo hutajwa mara chache. Rangi ni laini kuliko chuma; baada ya siku kadhaa za mtikisiko huminywa na kupungua unene, na bolti iliyokuwa imekazwa hulegea bila kugeuka hata kidogo. Nene zaidi ni mbaya zaidi, kwa hiyo rangi ya unga ndiyo inayoleta tatizo mara nyingi. Sehemu ambazo mkono hukutana na fremu, uso wa habu unaopokea gurudumu, tundu la boljointi lenye umbo la pia, na nyuzi za bolti zote hufunikwa kwa gundi ya karatasi kabla ya kupaka. Baada ya kufunga, pembeni ya maungio hupakwa nta.

Mpako wa bolti hubadilisha pia msuguano wake. Sehemu kubwa ya nguvu ya spana huishia katika msuguano, na sehemu ndogo tu, takriban moja ya kumi, ndiyo inayoivuta bolti na kubana vyuma. Bolti iliyopakwa grisi ikikazwa kwa kipimo cha bolti kavu huvutwa kupita kiasi na inaweza kukatika. Kipimo cha spana kinachoandikwa katika kitabu cha gari kinahusu bolti yenye mpako wake wa asili.

Oili chafu

Katika gereji nyingi za Afrika Mashariki chesisi na springi hupakwa oili chafu iliyotolewa kwenye injini. Njia hii ina faida kidogo, kwani mafuta hufukuza maji kwa muda, na haigharimu kitu. Lakini oili iliyotumika ina asidi, masizi na chembe za metali. Huvimbisha na kulainisha bushi na mipira ya boljointi. Hushika vumbi ambalo hugeuka kuwa tope la kusugua. Na mvua huiosha na kuipeleka kwenye udongo na visima. Pia hufanya iwe vigumu kupaka rangi yoyote baadaye. Mahali ambapo fedha haitoshi kwa mpako wa kiwandani, kuosha chini ya gari kwa maji baridi kila wiki na kupaka rangi ya zinki kwenye mikwaruzo huleta kinga kubwa kuliko oili hiyo.

Upimaji

Mipako hulinganishwa kwa jaribio la ukungu wa chumvi: sehemu huwekwa ndani ya sanduku lenye ukungu wa maji yenye asilimia 5 ya chumvi kwa joto la nyuzi 35, na huhesabiwa saa mpaka kutu nyekundu ionekane. Kiwango cha Marekani cha jaribio hilo, ASTM B117, kilitolewa mara ya kwanza mwaka 1939. Wauzaji hupenda kutangaza saa hizo, 500 au 1,000, lakini haziwezi kugeuzwa kuwa miaka ya barabarani. Ndani ya sanduku uso haukauki kamwe, ilhali zinki hujenga utando wake bora wa kaboneti inapolowa na kukauka kwa zamu. Tena sanduku halirushi mawe. Kwa springi jaribio lenye maana zaidi ni lile ambalo rangi hupigwa changarawe kwanza, hunyunyiziwa chumvi, kisha springi hukunjwa na kukunjuliwa mpaka ikatike.

Afya na sheria

Kromi ya aina ya sita, iliyokuwa ikitumika kuzuia kutu kwenye zinki na kuipa rangi ya manjano, husababisha saratani. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2000 kuhusu magari yaliyomaliza muda wake, uliizuia katika mipako ya magari mapya, na muda wa mwisho wa mipako ya kuzuia kutu uliwekwa kuwa Julai 2007. Tangu hapo bolti za njano zimepungua. Vumbi la bolti za zamani za rangi hiyo halifai kuvutwa.

Rangi za kopo mbili zenye isosianeti huweza kuleta pumu kwa mpulizaji, na kitambaa kilichofungwa puani hakizuii mvuke wake. Inahitajika barakoa yenye chujio la kemikali au ya hewa safi ya bomba. Kuchomelea chuma chenye zinki hutoa moshi mweupe unaosababisha homa, baridi na maumivu ya mwili saa chache baadaye, ugonjwa ambao huweza kudhaniwa kuwa malaria. Zinki huondolewa kwa msasa mahali pa kuchomelea, na kazi hufanywa nje au penye feni.